Ekipe haitengenezwi kwa sukre na sertifika

Golf, Lubumbashi. Ndugu wasikilizaji wa hapa kwetu, na ninyi jamaa mliokimbia vita mkapokelewa katika avenyu zetu, leo sileti habari ya delestaji wala ya bei ya makala. Naleta neno ambalo litawakasirisha watu wengine ninaowaheshimu. Nikinyamaza, nitakuwa nimeshiriki.

Jumamosi moja nilialikwa kwenye semina ya vijana katika ukumbi mmoja wa kartie yetu. Kitambaa kikubwa ukutani kilisema kwa Kifaransa kwamba vijana watafundishwa kazi ya pamoja. Walikuja kama hamsini. Mlangoni palikuwa na meza mbili. Meza ya kwanza ilikuwa na orodha ya wakaaji. Meza ya pili ilikuwa na orodha ya wahami. Kila kijana alisaini kwenye meza yake, akaingia, akaketi upande wa wenzake aliosaini nao. Mwalimu akafundisha saa mbili. Alisema mara tatu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kukawa na mchezo wa kamba, kukawa na picha, kukawa na sukre na mkate, kila mmoja akapewa tisheti na sertifika. Mwisho ikagawiwa pesa ya transpo, kwa orodha mbili, na pesa haikuwa sawa.

Nje ya ukumbi ndipo semina ya kweli ilipoanza. Kijana mmoja wa Golf Météo alinivuta pembeni: “Yaya, bale banakuya juzi, njo benye kupata mingi. Siye tulizaliwa hapa, tunapata nini?” Msichana mmoja aliyetoka Kivu, naye akasema: “Sisi tulizani tunakuja kucheza pamoja. Lakini wametuita wahami kutoka mlangoni mpaka mwisho.”

Wote wawili walisema kweli. Makundi mawili yaliingia katika ukumbi ule asubuhi, na makundi yaleyale mawili yakatoka jioni, sasa yakiwa na tisheti ya rangi moja na chuki kidogo zaidi. Hii ndiyo kazi tuliyoifanya, na tukaipiga picha.

Nasema hivi waziwazi: programu ya vijana inayowatenga kwa orodha haiwezi kuwafundisha kushirikiana, hata ikileta mwalimu bora wa Kongo nzima. Na programu ya siku moja haifundishi kitu. Kushirikiana ni mazoea, na mazoea yanatokana na kubeba mzigo mmoja na mtu mwingine mara nyingi, mpaka unajua mkono wake unachoka wapi.

Mtu ataniambia: ndugu mwandishi, hilo ni jambo dogo, ni meza mbili tu. Katika mji mwingine labda lingekuwa dogo. Katika mji huu na jimbo hili, hapana.

Sisi watu wa Katanga tunajua sana kuunda vikundi vya vijana. Mwaka 1992 na 1993, wakati jimbo bado likiitwa Shaba, chama cha UFERI kilikuwa na tawi lake la vijana, JUFERI. Vijana wale walikuwa na nyimbo, walikuwa na viongozi, walifika kwa saa, walitii, walifanya kazi kama mwili mmoja. Na kazi yenyewe ilikuwa kuwafukuza majirani zao waliotoka Kasai. Kule Likasi na Kolwezi jamaa nzima zililala kwenye vituo vya reli zikingoja treni, na watoto wengi walikufa njiani. Watu waliofukuzwa ni mamia ya maelfu. Wengi wao walizaliwa hapa, na baba zao walichimba shaba hii.

Kwa hiyo msiniambie kwamba kazi ya pamoja ni kitu kizuri peke yake. Kundi linaloiba pia linashirikiana. Swali la kwanza ni hili: pamoja na nani, na juu ya nani? Ekipe inayojua tu kujipenda yenyewe ni silaha inayongoja mwenyewe.

Ninyi mliotoka Kivu mna neno lenu kwa jambo hili: kadogo. Mwaka 1996 walikusanywa watoto, wakapewa bunduki kubwa kuliko mabega yao, wakatembea na AFDL kuvuka nchi, na mwezi wa nne wa 1997 waliingia hapa Lubumbashi. Ninyi mliotoka Pweto, Mitwaba na Manono mnawajua Mai-Mai Kata Katanga. Tarehe 23 Machi 2013 waliingia mpaka katikati ya mji huu, risasi zikalia, watu wakafa, na zaidi ya watu mia mbili wakaenda kujisalimisha kwa MONUSCO. Wanaochukua vijana wetu hawafanyi semina ya siku moja. Wanakaa nao. Wanakula nao bukari. Wanawapa jina, kazi, na mkubwa wa kumfuata. Sisi tunashindana nao kwa chupa moja ya sukre, halafu tunashangaa nani ameshinda.

Hata hivyo mji huu unajua pia kuunda ekipe nzuri. Hatuhitaji kuagiza somo kutoka mbali.

Mwaka 1939 wamonaki Wabenediktini walioongoza Institut Saint-Boniface hapa hapa waliunda ekipe ya mpira ya wanafunzi, wakaiita Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Saint-Paul, kisha Englebert, na leo mnaijua kwa jina la Tout Puissant Mazembe. Mwaka uleule wa 1939 ilizaliwa Saint-Éloi Lupopo kwa watu wa reli. Wazungu wale walikuwa na sababu zao, na utawala wa wakati ule haukuwa wa haki. Lakini waliona jambo moja ambalo miradi yetu imelisahau. Hawakuwapa wanafunzi hotuba juu ya mpira. Waliwaingiza katika mashindano, mechi baada ya mechi, juma baada ya juma. Ukishindwa leo, unarudi kesho na watu walewale.

Kutoka mbegu ile ya watoto wa shule ilitoka ekipe iliyochukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya dunia ya vilabu. Inter Milan walitufunga tatu kwa sifuri, tukalia, lakini tulilia pamoja. Siku ile kipa alikuwa Kidiaba wetu, kocha alikuwa Lamine N’Diaye kutoka Senegal, na hakuna mtu katika Golf, Kenya, Katuba au Ruashi aliyeuliza kocha amesaini kwenye meza gani.

Chukueni mfano wa pili, hasa ninyi wazee mliokuwa mkisikiliza redio ya Kiswahili tangu zamani. Mnamkumbuka Mufwankolo na kundi lake la tamthilia. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian alikaa nao wakati wakitengeneza mchezo mmoja, na mwaka 1990 akatoa kitabu juu ya kazi ile. Mchezo ulianza na msemo mmoja tu: kwamba ukubwa unaliwa mzima, yaani mkubwa hagawi mamlaka yake. Waigizaji hawakuwa na maneno yaliyoandikwa. Walikaa, wakabishana maana ya msemo, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakarekebishana, mpaka mchezo ukasimama. Mwisho wakaucheza katika kijiji cha Kawama. Mtu anayecheza bila maandishi anahitaji kumsikiliza mwenzake kwa masikio yote mawili, maana mwenzake akisahau, yeye ndiye atakayemwokoa. Hilo ndilo somo la ekipe, na lilitolewa kwa Kiswahili chetu.

Sasa angalieni programu zetu. Prezida wa komite ya vijana ana miaka arobaini na mbili. Yeye ndiye anayeshika simu ya mfadhili, yeye anashika muhuri, yeye anashika kese, yeye anachagua nani ataenda kwenye semina, na ajabu, kila mara anachagua wadogo zake. Ukubwa anaula mzima, hata mifupa habakizi. Halafu anasimama mbele ya watoto kuwafundisha kugawana. Watoto si vipofu. Wanafuata wanachokiona.

Nimesema mabaya, sasa niseme ninachotaka.

Kwanza, orodha iwe moja. Najua wahami wana shida ambazo sisi hatuna. Mtu aliyetoka Goma Januari 2025 au Bukavu Februari iliyofuata, na nguo moja mwilini, hawezi kupimwa sawa na mimi niliyelala kitandani kwangu. Chakula, mablanketi na dawa viende kwa anayevihitaji zaidi, na orodha ya msaada ibaki kwa watu wa msaada. Lakini orodha ya msaada isigeuke kuwa orodha ya ekipe. Uwanjani hakuna mhami. Kuna namba tano na namba tisa.

Pili, muda. Pesa ya semina ya siku moja, na sukre zake, na tisheti zake, na ukumbi wake, inaweza kununua mipira, majembe na daftari, na vijana wakakutana kila juma, mahali palepale, mvua yote mpaka kiangazi. Mfadhili hatapata picha nzuri siku ya kwanza. Atapata kitu siku ya tisini.

Tatu, kazi iwe ya kweli na iwe ya wote. Wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu: watu waliamriwa kufagia, waliimba kwa mdomo na kununa moyoni. Ile ilikuwa kazi ya pamoja pia, lakini hakuna aliyeipenda, maana hakuna aliyeichagua. Waacheni vijana wachague wenyewe kati ya shida wanazoziona: mfereji ulioziba, foleni ya mabido kwenye kisima, watoto wadogo wasiojua kusoma. Wachague kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza, na ambayo ikimalizika kila nyumba inafaidika.

Nne, ukubwa uzunguke na kese iwe wazi. Hapa walimu wetu wawe mama zetu na likelemba yao. Mama kumi wanatoa kiasi kilekile kila juma, na kila juma mmoja anachukua zote. Jaribu la likelemba liko kwa yule wa kwanza: amekwisha kupata zake, lakini anaendelea kulipa majuma tisa kwa ajili ya wenzake. Hakuna karatasi wala polisi. Kuna uso wa jirani utakaokutana nao kesho sokoni. Vijana waanze likelemba yao hata ya franka kidogo. Kapita abadilike kila mwezi, na awe zamu msichana, zamu mvulana. Hesabu isomwe mbele ya wote kabla ya kutawanyika. Kijana aliyeshika kese ya wenzake mwezi mzima akairudisha kamili amejifunza zaidi kuliko aliyepewa sertifika kumi.

Tano, msiwasahau wasichana. Tukiweka mazoezi saa ileile ambapo wasichana wote wa kartie wako kwenye maji, kisha tukasema wasichana hawapendi programu, tunajidanganya wenyewe. Ulizeni kwanza saa gani wanaweza. Novemba 2024 wanawake wa Mazembe walichukua kombe la Afrika la vilabu vya wanawake kule Maroko. Hawakufika kule kwa sababu mtu aliwahurumia. Mtu aliwapa uwanja na saa ya kufanya mazoezi.

Sita, wafundisheni kugombana vizuri. Ekipe yoyote itagombana. Huyu atachelewa, yule atasema Kiswahili cha Kivu na wenzake watacheka, mwingine atasema sisi huita bukari na yule atasema sisi huita bugali, na kwa neno dogo kama hilo watoto wanaweza kupigana. Baada ya kila kazi wakae nusu saa: nani hakuja, kwa nini, nani alibeba mzigo wa mwenzake, nani alisema neno lililoumiza. Kiongozi aongoze, asihukumu peke yake. Programu inayoogopa ugomvi mdogo inauhifadhi uwe mkubwa.

Najua majibu yatakayokuja. Kuna baba mmoja wa kartie yangu, mtu mwema, aliniambia: “Watoto wetu hawana kazi, na wewe unataka tuwagawie nafasi wenye kuja?” Baba, nakuheshimu. Lakini programu ya vijana si mgodi ambao watu kumi wakiingia, wa kumi na moja anakosa jiwe. Ekipe ya mpira ikipata mchezaji mzuri kutoka Bukavu, mwanao hapungukiwi, anapata mtu wa kumpa pasi. Na ile kukosa kazi unayolalamikia, mhami hakuileta katika mzigo wake. Tulikuwa nayo kabla hajafika.

Wengine wanasema: wahami watarudi kwao, kwa nini tupoteze nguvu? Mungu awarudishe salama. Lakini hakuna anayejua siku. Kuna jamaa zilikuja kwa mwezi mmoja na zimemaliza miaka. Na hata wakirudi kesho, kijana aliyejifunza hapa kushika kese na kumsikiliza mwenzake ataenda nalo kwao. Kule kunahitajika kuliko hapa.

Na wafadhili watasema: sheria za mradi zinadai tuhesabu wahami mbali na wakaaji. Hesabuni basi katika ofisi yenu, kimyakimya, kwa kalamu yenu. Kwani mtoto lazima aone anahesabiwa? Kwani lazima meza iwe mlangoni?

Kwenu viongozi wa kartie na wa komine: Katiba yetu ya 2006 inasema vikundi vya vijana vina kazi ya kulea, na serikali inalazimika kuvisaidia. Msaada si kuja kufungua semina na kuondoka kabla ya kumaliza hotuba. Tupeni uwanja usiouzwa. Kila mwaka kipande tulichochezea utotoni kinaota ukuta, na hakuna anayejua nani alisaini.

Kwenu wazazi mliokimbia: najua hofu yenu. Mmeona watoto wakichukuliwa, na neno kikundi linawatisha. Mna haki ya kuuliza nani anaongoza, wanakutana wapi, wanarudi saa ngapi. Njooni mketi pembeni muangalie. Lakini msiwafungie ndani. Mtoto asiye na rafiki katika kartie ni mtoto ambaye mtu mbaya atampata peke yake.

Na kwenu vijana: msingoje prezida.

Nasema hivyo kwa sababu ya kile nilichokiona majuma mawili baada ya semina ile. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi maji yalikuwa yameingia katika nyumba nne za avenyu moja: mbili za wenyeji, moja ya mjane anayepanga, moja ya jamaa iliyotoka Bukavu. Mfereji ulikuwa umejaa mifuko na udongo. Jembe lilitoka nyumba moja, burweti ikatoka nyumba nyingine. Yule kijana aliyenilalamikia nje ya ukumbi alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, na mtu aliyekuwa akipokea udongo wake kutoka juu alikuwa kaka wa yule msichana wa Kivu. Hawakuwa wamevaa tisheti ya semina. Walikuwa wakitukanana kidogo, kama ndugu, kwamba mmoja anachimba polepole. Kufika saa nne maji yalianza kutembea.

Kazi haikuisha. Kipande cha chini cha mfereji, karibu na njia kubwa, bado kimeziba, na mvua nyingine inakuja. Shirika lolote linalotaka kuwafundisha vijana wa Golf kazi ya pamoja, mahali pa kuanzia ni pale. Lije na majembe, na meza ya pili liiache nyumbani.